Buu la Saba

Buu la tatu lilipinda mgongo kabla Onésime hajaliuma. Alilisikia likisukuma ufizi, laini, lina ubaridi wa kamasi, kisha likapasuka na kumwaga kitu chenye ladha ya maziwa yaliyochacha. Akameza. Akatabasamu.

"Iko tamu?" mzee Georges akauliza.

"Iko tamu sana, papa."

Mzee akavua glavu, akachagua la kwake kwenye kopo, akalitafuna polepole huku machozi yakimlenga. Ni baridi, Onésime akajiambia. Januari ile ya Ubelgiji hata bata wa Woluwe walikuwa wakitembea juu ya maji.

Georges alipaita ziwani. Ziwa! Kwa mtu aliyejifunza kuogelea Bukavu, lile lilikuwa beseni: maji ya kahawia, barafu chafu ukingoni, majani yaliyooza na harufu ya soksi za wiki nzima. Onésime alikuwa amekalia kiti cha turubai tangu asubuhi, haisikii miguu yake, na alikuwa tayari kukaa hapo mpaka agande. Alikuwa anamtaka Anneleen, binti wa mzee.

Wiki mbili kabla, jikoni kwa Anneleen kule Etterbeek, alikuwa amepiga meza kwa ngumi. Baba yake Anneleen alisimamia ujenzi wa barabara Kivu enzi za Wabelgiji. "Mimi nikae meza moja ya harusi na mkoloni? Jamais, kamwe!" Anneleen aliendelea kuosha vyombo. Kesho yake akasema, "Nenda ukavue samaki pamoja na papa wangu, siku moja tu. Kisha tutaongea habari ya harusi."

Onésime akaelewa. Anapelekwa kwenye mtihani. Vizuri, akasema moyoni, mzee atachoka yeye kwanza.

Mzee alipofungua kopo asubuhi ile, Onésime alidhani ni wali uliolala. Kisha wali ukatikisika. Yalikuwa mabuu ya nzi, yamekakamaa kwa baridi. Hatua kumi kutoka kwao, mvuvi mmoja mnene alichota manne kwenye kopo lake akayatia mdomoni, kama mtu anayetia karanga. Onésime akakodoa macho. Watu hawa wanakula konokono, wanakula jibini yenye ukungu. Kumbe na haya! Alipogeuza uso, kopo la Georges lilikuwa chini ya pua yake.

"Chukua, kijana."

Onésime akachukua moja, akatafuna, akameza. Georges akamtazama muda mrefu, mkono umeganda hewani. Kisha naye akala.

Tangu hapo hawakuachiana. Mmoja akila, mwenzake anakula. Kufika saa sita mchana kila mtu alikuwa amemeza sita.

"Mimi kule kwenu nilikaa miaka kumi na ine," Georges akasema ghafla, macho kwenye maji. "Nilikulaka ya boîte, ya mukebe tu. Chakula ya batu ba kwenu, sikugusaka ata siku moja."

Anajisifu, Onésime akawaza, na damu ikamchemka. Akachukua la saba, akalitafuna mdomo wazi ili mzee aone vizuri, halafu akamsukumia kopo. "Alors, kula, papa. Isipoe."

Mzee akacheka kicheko kisicho na nguvu. Akala.

Boya dogo jekundu likazama. Georges akavuta samaki mwembamba kama kidole, akamtoa ndoano, akamtazama kwa upendo, kisha akamwachia majini.

"Unamurudisha?"

"Bote tunabarudisha. Ata bakubwa."

Watu gani hawa, Onésime akawaza: chambo wanakula, samaki wanamrudisha.

Georges akasimama, amekuwa mweupe kama mabuu yenyewe. Akasema anakwenda kumpigia simu Anneleen, akaondoka kuelekea kibanda cha simu kilichokuwa barabarani.

Ndipo Onésime akamtazama tena yule mvuvi mnene. Alikuwa anaingiza kidole ndani ya mdomo wake wa chini, anatoa mabuu moja moja, mazima, yenye joto, yakijinyonganyonga, na kuyachoma kwenye ndoano. Hakuwa amekula hata moja. Aliyapasha moto tu, ili yaamke.

Yote saba yakatambaa tumboni mwa Onésime kwa mara moja. Kumbe hakuna Mbelgiji anayekula uchafu huu! Mzee alimpa kopo achukue chambo. Alipoona Mwafrika anatafuna, akaona amepata mchezo wa siku nzima. "Iko tamu?" Ya kwake bila shaka aliyabana shavuni, na sasa amekwenda kuyatema na kumchekesha binti yake.

Akakusanya fito zote za mzee za kuvulia, akapanda kuelekea barabarani kwa hatua ndefu. Atazivunja mbele ya viatu vyake, moja baada ya nyingine, na harusi na ife leo leo.

Mlango wa kibanda ulikuwa haujafungwa vizuri. Mzee alikuwa ameegemea kioo, simu sikioni, matapishi yakifuka mvuke kwenye theluji mbele ya buti zake. Alikuwa anaongea Kifaransa.

"Saba, binti yangu. Nimekula wadudu wao saba, sikukataa hata mmoja. Sasa muulize, tafadhali, kama ataniruhusu nije harusini."