Kamba ya Mikia

Kamba ile ilikuwa ikining'inia juu ya mlango wa banda tangu enzi za babu. Kila farasi jike aliyekufa shambani pale, familia ilimkata nywele za mkia na kuzisokota kuongezea kamba. Haikutumika kufungia kitu. Haidari, mwenye shamba, aliwahi kumfukuza kazi mtu aliyeitundikia ndoo.

Asubuhi hiyo Marjani, jike pekee aliyebaki, alilala kwenye majani makavu akihema kwa uchungu wa kuzaa. Miguu miwili ya mtoto ilikuwa imeshatokeza, lakini mtoto hakushuka zaidi. Rukaiya, bintiye Haidari, alivuta kwa mikono, ikateleza. Alivuta kwa kamba ya katani, ikakatika.

Akatazama juu ya mlango.

"Hiyo hapana," alisema Haidari. "Marjani akifa, nywele zake zitasokotwa pale na wenzake."

"Halafu, Baba? Baada yake tutamsokota nani?"

Haidari alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akaitungua kamba mwenyewe, vumbi likamwagikia usoni.

Waliifunga kwenye miguu ile, wakamngoja Marjani asukume, wakavuta pamoja. Mtoto akateleza hadi chini, jike, mzima.

Rukaiya alifungua fundo la mguu mmoja. Alipogusa la pili, baba yake akamzuia.

"Liache kwanza."

Jua lilipofika mlangoni, mtoto alisimama, akaanguka, akasimama tena, akaanza kumfuata mama yake. Kamba ikakaza. Haidari, aliyekuwa bado ameshika ncha ya upande wa pili, akafungua kiganja.