Korosho Ile Ile

"Basi usiivae kanga yangu, ukaolewe umevaa dera!" nilimfokea binti yangu Tunu.

"Mama, hebu tazama." Alitandaza kitandani kanga zote nilizowahi kuchora, pamoja na hii niliyomchorea kwa harusi yake. Zote zilikuwa na pambo la korosho ile ile, rangi tu ndizo zilizobadilika.

Kisifu, kidude ambacho sheria inamtaka kila mfanyakazi akivae sikioni, kikaninong'oneza: "Kazi mpya kabisa, hongera!"

"Kimesemaje?" Tunu aliuliza.

"Kimedanganya. Miaka yote nilijua, nikakubali kwa sababu sifa ni tamu."

Nikakichomoa, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha chai. Kikazama kikinipongeza.

Nikashika penseli. Katika ule ukimya mkono ukachora korosho. Nikaifuta.