Kila Kitu na Jina Lake

"Mulango," alisema koplo, akipitisha mtutu wa bunduki chini ya herufi, taratibu, kama mwalimu anavyopitisha fimbo ubaoni.

Neno lilikuwa limeandikwa kwa makaa kwenye mbao za mlango wa Bibi Kaudha, herufi moja kubwa, nyingine ndogo, ya mwisho ikiteremka kama iliyochoka.

"Nani ameandika hii?"

"Mjukuu wangu, afande. Yuko darasa la pili."

Akaeleza haraka haraka, maana ukimya ulimtisha kuliko maneno. Hapo Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, madaftari hayakutosha. Mwalimu Kezironi, ambaye darasa lake lilijaa watoto wa lugha chungu nzima, aliwafundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili, na kazi ya nyumbani juma hilo ilikuwa moja tu: chukua kipande cha makaa, kila kitu ukiandike jina lake palepale kilipo. Rashidah aliifanya kwa bidii ya kupindukia. Aliandika mtungi, akaandika kinu, na jana yake alitaka kumwandika bibi yake mgongoni.

Koplo akacheka. Kijana aliyefuatana naye, askari mwembamba aliyeitwa Nasani, akacheka kwa kuwa mkubwa wake amecheka.

"Huyu hajui hata a," koplo alisema, akimnyooshea Nasani kidole. "Mimi nimesoma. Nimefika mpaka la sita. Sasa, mama, sisi natafuta Buruhan, mutoto yako. Watu wanasema anapelekea watu wa musituni chumvi na baiskeli yake."

"Buruhan alivuka kwenda Tanzania, afande. Tangu Ramadhani sijamtia machoni."

"Kama iko hapa, wote mutapanda lori."

Mwaka ule wa themanini na tatu, aliyepandishwa lori la askari kwenda Mbarara hakusikika tena.

Habari ya Tanzania ndiyo Kaudha aliyompa kila mtu, hata mjukuu wake. Ukweli ni kwamba Buruhan alikuwa ndani ya nyumba ile ile, ameketi magoti kidevuni, kwenye uwazi mwembamba kati ya kuta mbili za chumba cha ndani. Ule wa mbele waliujenga wenyewe kwa fito na udongo, na Kaudha akaupaka samadi na majivu kwa mkono wake mpaka ukazeeka kama wenzake. Mgeni asingeutazama mara mbili.

Wakaingia. Koplo aliipenda ile kazi. Aligusa kila kitu kwa mtutu akisoma kwa sauti, na Nasani akavuruga nyuma yake.

"Mutungi." Mtungi ukainamishwa, maji yakatapakaa sakafuni. "Kinu." Kinu kikapinduliwa. "Kiti."

"Hapo ni kigoda, afande," alisema Rashidah, aliyekuwa amesimama kando ya bibi yake. "Ki-go-da. Kiti ni kile chenye pa kuegemea."

Nasani akaangua kicheko, kisha akakikata katikati alipouona uso wa koplo.

"Kiti, kigoda, si kitu moja? Wewe ndio mwalimu wangu? Toka! Enda kaa nje!"

"Jaja," Rashidah alimgeukia bibi yake, "lakini si ni kigoda?"

"Nenda nje, mama," Kaudha alisema. Mtoto akatoka amevuta midomo.

Karibu na dirisha, chini ya msumari mtupu, paliandikwa *taa*. Taa yenyewe Kaudha alikuwa ameitoa nje uani asubuhi ili aisugue kioo.

"Na hii inasema nini, koplo?" Nasani aliuliza.

Koplo aliutazama msumari, akatazama neno.

"Hiyo hapana kitu. Mutoto amechezea makaa. Chumba ya ndani iko wapi?"

Kaudha akawatangulia. Kile chumba alikuwa amemkataza Rashidah asikiguse kwa makaa yake, na mtoto alikuwa msikivu. Akainua pazia. Mwanga wa kidirisha ulimwagika juu ya kitanda, na kwenye ubavu wa kitanda paliandikwa *kitanda*.

Akainua macho.

Ukutani, usawa wa kifua cha mtoto, zilikaa herufi nne kubwa kama viganja, nyeusi, zimenyooka kuliko zote alizowahi kuandika.

BABA.

Kaudha alisoma mpaka la nne, zamani za utoto wake kule Mbarara, na hakuwahi kujutia kujua kusoma mpaka siku hiyo. Yote yakamfungukia kwa mara moja. Mtoto alisikia kikohozi nyuma ya ukuta, akajua ni cha nani, akanyamaza kama wakubwa walivyonyamaza. Ila kazi ya mwalimu ni kazi ya mwalimu.

"Kitanda," alisema koplo. Nasani akakipindua. Mkeka, vumbi, panya akakimbilia pembeni.

"Na pale, koplo?"

Koplo akageuka. Kaudha alishika mwimo wa mlango. Nyuma ya ule udongo hapakusikika hata pumzi. Mtutu ukapanda, ukasimama chini ya herufi ya kwanza, ukasogea ya pili, ya tatu, ya nne. Midomo ya koplo ilikuwa ikicheza bila sauti. Akarudi nyuma kidogo. Akatazama juu ya neno, akatazama chini yake, kulia, kushoto.

"Ukuta," alisoma kwa sauti kubwa. "Unaona sasa, Nasani, faida ya shule?"