Nyuki wa Latifa

"Sasa uende kwa watu wa misitu," Houssein alisema bila kumtazama machoni. "Nyuki ni mdudu wa porini."

Latifa alikunja dosiye yake ya karatasi za malalamiko, akaitia kwapani, akatabasamu. "Asante, kaka Houssein. Nitarudi kukuambia wamesemaje."

Wala hakununa! Mwanamke anatoka Muyinga kwa basi, nyuki wamejenga ndani ya ukuta wa duka lake la kushona, wateja wanaogopa kuingia, na kila akifika Gitega anapigwa danadana. Kwanza alitumwa kwa watu wa afya, kwa kuwa nyuki wanauma. Kisha kwa watu wa biashara, kwa kuwa duka ni duka. Leo misitu. Kila wizara ilimrudisha kwa Houssein, na kila akirudi alikuwa na kitenge kipya mwilini na sambusa kikapuni.

Kazi ya Houssein serikalini ilikuwa moja tu, kujua kazi ipi ni ya nani. Muulize daraja la Ryansoro liko chini ya ofisi gani, anakujibu hata hujafunga mdomo. Na nyuki walikuwa wa watu wa mifugo. Hilo alilijua vizuri kabisa. Lakini akilisema, Latifa atahudumiwa, na akishahudumiwa atakuja Gitega kufanya nini tena? Houssein alifiwa na mke zamani, jamani, na sasa alikuwa amempenda huyu mama mpaka usingizi ukamtoroka.

Kasilda, wa meza ya jirani, hakuwa kipofu.

"Mapenzi ni kikohozi, shefu, hayafichiki," alimcheka. "Ila we angalia. Huko Makebuko juzi nyuki zimeuma mzee mmoja, mpaka leo iko hospitali."

 Je, wangemuuma Latifa? Hata chai ilimshinda Houssein. Alishika simu, akawabembeleza watu wa mifugo mpaka wakakubali. Latifa alipokuja tena, alimkuta amesimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Dada Latifa, nisamehe. Hii kazi ni ya watu wa mifugo tangu siku ya kwanza, na mi nilijua. Nilikuzungusha kwa sababu nilitaka urudi. Basi. Kesho asubuhi watakuwa kwako, wanakuja kuziondoa."

Akainamisha kichwa, akangoja matusi. Aliyastahili yote.

Latifa alitua kikapu chini. Tabasamu lilikuwa limemwishia.

"Kesho? Umewatuma Muyinga kweli?"

"Kabisa. Wanakuja na gari yao."

"Mama yangu we! Wapigie, Houssein, wapigie sasa hivi wasije!" Latifa alijishika kichwa. "Nyuki zilihama zenyewe ile wiki ulinituma kwa watu wa afya."