Ukurasa wa Kifaduro

Siku hizi ugonjwa ukitangazwa kuwa umekwisha nchini, ukurasa wake hufutwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya madaktari, na bila ukurasa hakuna duka la dawa linaloruhusiwa kutoa tiba yake. Ukurasa wa kifaduro aliuandika Daktari Mwanahija, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza ya watoto. Leo mjukuu wake wa miezi miwili alikuwa mapajani mwake, anakohoa mfululizo mpaka midomo inabadilika rangi.

Aliandika jina la ugonjwa kwa mara ya nne. Maktaba ikajibu kwa adabu: "Ugonjwa huu haupo. Je, ulikusudia mafua?"

"Mafua gani, washenzi wakubwa nyie," alifoka, akaitupa simu kwenye kochi.

"Mama, si uwaambie ule ukurasa uliuandika wewe?" binti yake Zamda alisema.

"Nimewaambia. Wamenipa pole ya mafua."

Akamweka mtoto begani, akangoja avute pumzi. Kabla hajavuta, ng'ambo ya ukuta, mtoto wa jirani akaanza kukohoa vilevile.

"Yule naye wamemwandikia mafua," Zamda alisema taratibu. "Wiki ya pili sasa."