Mkeka wa Njia

Sikilizeni ya Tumbili, aliyekuwa na mikono myepesi na subira haba.

Bondeni kwao palitundikwa mkeka mmoja wenye mistari iliyoonyesha njia za mtoni na mahali penye mitego. Ilikuwa mwiko kuurekebisha pale pale, asije mpita njia akaukuta umefumuliwa nusu. Mwenye habari mpya alisuka mwingine kama ule, akaongeza habari yake, kisha akautundika mahali pa ule wa zamani.

Siku moja Tumbili aligundua kivuko kipya, akaketi kusuka. Kumbe Buku, panya mzito wa mwendo, naye alikuwa shimoni mwake akisuka habari ya mtego aliouona. Buku akatangulia kutundika. Tumbili akafika mbio na wake, akaushusha wa Buku.

"Bi Tumbili, ule mtego haumo kwenye mkeka wako!" Buku akalia.

"Wangu ndio mpya, bwana. Usinicheleweshe."

Akashika njia kama mkeka wake ulivyosema, na mguu ukanasa. Ni Buku huyo huyo aliyekuja kuitafuna kamba.

Tumbili akarudi akichechemea, akautundika tena mkeka wa Buku, akasuka wake upya kwa kuufuata huo. Alipouleta, akakuta Digidigi keshatundika mwingine, wenye habari ya gogo la kuvukia lililooza. Akautazama, akaketi, akaanza kufumua wake.

"Si utundike tu, mama? Umeshamaliza!" Digidigi akashangaa.

"Nimemaliza wa jana," akasema Tumbili, mikono ikienda. "Sasa nasuka wa leo."