Mlango Ulipomuuliza Naliaka

Siku hizo milango ya majumba yote ya umma ilimuuliza mtoto amekuja na nani, na alichojibu ndicho kilichokuwa undugu wake kisheria. Kumnong'oneza mtoto jibu kulikuwa marufuku.

Wanawake wawili wapenzi, Kerubo na Salome, walimleta binti yao Naliaka kwenye jumba la sanaa, kwenye sherehe ya fahari ya familia kama yao. Ndani, watoto walikuwa wakipakwa rangi za upinde wa mvua mashavuni.

"Umekuja na nani, mjukuu wangu?" mlango uliuliza kwa sauti ya bibi mpole.

Naliaka aliwatazama wote wawili. Kerubo alijaribu kutabasamu, lakini midomo ilimtetemeka.

"Na mama," mtoto alisema, kisha akamgeukia Salome. "Na shangazi."

Mlango ukafunguka. Salome aliingia amemshika mkono mtoto aliyemlea tangu kuzaliwa, ambaye sasa kisheria hakuwa wake.

Kerubo alichutama mbele ya binti yake huku ngoma zikirindima. "Nani alikufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna," Naliaka alijibu. "Niliona mnaogopa nikisema mama wawili."